Likizo ya theluji: Yachunge haya kabla ya kupanda milimani Ufaransa na familia

IFIKAPO Februari, shule nchini Ufaransa hufungwa kwa wiki mbili na familia nyingi hufunga mizigo kuelekea milimani. Nchi hiyo imegawanywa katika kanda tatu, A, B na C, ambazo hufunga shule kwa kupishana ili watu wasifurike barabarani kwa wakati mmoja. Wanachofuata huko ni theluji na mchezo wa skii, yaani kuteleza mteremkoni kwa vibao viwili virefu vilivyoshikanishwa na buti.

Siku hizi miongoni mwa familia hizo wamo Wakenya. Wako waliooa au kuolewa huko, wako wanaofanya kazi Paris, Lyon au ng'ambo ya mpaka mjini Geneva, na wako jamaa zao wanaoalikwa kutoka nyumbani: nyanya anayekwenda kuwaona wajukuu, shangazi, au mpwa aliyemaliza mtihani. Mwenyeji akisema kwamba wiki ya pili wote watapanda milimani, mgeni hukubali bila kuuliza maswali.

Kwamba Mkenya anaweza kuucheza mchezo huu si jambo la kubishaniwa. Philip Boit aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka wa 1998. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Austria, alishiriki ile ya PyeongChang mwaka wa 2018. Lakini hao walijiandaa kwa muda mrefu. Mgeni wa wiki moja huwa hajajiandaa hata kidogo.

Muulize mtu yeyote juu ya hatari ya skii naye atakutajia kuvunjika mguu. Hatari hiyo ipo, nasi tutaifikia. Hata hivyo, kwa familia yenye watoto na wazee, mengi yanayoharibu likizo hayatokani na mchezo bali na mlima wenyewe: hewa nyepesi, baridi, jua na uchovu. Na lipo jambo moja linalohusu damu, ambalo kwa familia zenye asili ya Afrika ni zito kuliko hayo yote, na ambalo vijitabu vya watalii aghalabu haviligusi.

KULALA CHINI, KUCHEZA JUU

Tuanze na mahali pa kulala. Vituo vya skii vya Ufaransa ni vya aina mbili. Viko vilivyojengwa upya huko juu mlimani, hasa katika miaka ya 1960 na 1970, serikali ilipokuwa ikitafuta watalii wa majira ya baridi. Flaine, kilichochorwa na msanifu majengo Marcel Breuer na kufunguliwa mwaka wa 1969, kiko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Val Thorens kiko mita 2,300, na mgeni hulala huko huko. Aina ya pili ni vijiji vya kale, vilivyokuwapo karne nyingi kabla ya mtu kufikiria skii.

Samoëns, katika eneo la Haute-Savoie, ni kimojawapo cha vijiji hivyo. Kiko bondeni, mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka uwanja wa ndege wa Geneva. Wanaume wa hapa walisifika kwa kuchonga mawe na kujenga, na ufundi wao ungali unaonekana kwenye nyumba zao. Uwanjani katikati ya kijiji umesimama mti mkubwa uliopandwa mwaka wa 1438. Karibu yake kuna bustani iitwayo Jaÿsinia, iliyofunguliwa mwaka wa 1906. Bustani hiyo ilikuwa zawadi ya Marie-Louise Cognacq-Jaÿ, binti wa kijiji hicho aliyekwenda Paris kuuza dukani akaishia kuanzisha na mumewe duka kubwa la La Samaritaine.

Asubuhi familia huingia katika kigari kinachoning'inia kwenye waya, nacho huwafikisha kwa dakika chache mahali paitwapo Samoëns 1600, ambapo jina lenyewe lataja urefu. Hapo ndipo wanaoanza hujifunzia. Wenye kuujua mchezo huweza kuendelea hadi Grandes Platières, karibu mita 2,480, kwa kuwa Samoëns, Flaine na vijiji jirani vimeunganishwa kwa nyaya na njia za theluji. Jioni, wageni wengi hurudi bondeni kwa kigari kile kile.

Wako wanaolalamika kwamba kijiji cha namna hii kina usumbufu kwa sababu theluji ya kuchezea haianzii mlangoni. Kwa upande wa afya, mimi naona huo ndio ubora wake. Mwili huathirika zaidi na urefu unapolala kuliko urefu unapopita mchana. Tena mtoto aliyechoka saa kumi alasiri huketi kitini hadi chini, badala ya kulazimishwa kuumaliza mteremko wa mwisho huku miguu ikitetemeka.

Kadiri mtu anavyopanda ndivyo oksijeni katika kila pumzi inavyopungua. Kwenye mita 2,480, pumzi moja hubeba takriban robo tatu tu ya oksijeni ambayo ingepatikana ufuoni Mombasa. Hapa mkazi wa Nairobi ana bahati. Jiji lake liko karibu mita 1,700, kwa hivyo kila usiku analala mita 1,000 juu zaidi ya mkazi wa Samoëns, na mwili wake umekwisha kuzoea kiasi. Mgeni kutoka Mombasa au Malindi hana akiba hiyo. Siku ya kwanza huenda akahisi kichwa kinauma, pumzi ni fupi na chakula hakitaki kushuka. Ugonjwa wa milima kwa kawaida huanzia mita 2,500 na kuendelea, lakini wako wanaousikia mapema zaidi. Dawa yake ya kwanza ni kushuka.

Mtoto mwenye mafua ni suala jingine. Kigari hupanda haraka kuliko masikio yake yanavyoweza kusawazisha hewa, na maumivu yake si ya kudekea. Mpe kitu cha kunywa au kunyonya wakati wa kupanda na kushuka, na mafua yakizidi, mwache bondeni siku hiyo.

SUALA LA SELI MUNDU

Sasa tuje kwa lile la damu. Ugonjwa wa seli mundu ni wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, hujipinda kama mundu zinapokosa oksijeni. Zikisha kujipinda hukwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo. Mara nyingi anayeugua amerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu huitwa mbebaji. Huyo huishi maisha ya kawaida na mara nyingi hata hajui kwamba anaibeba.

Kasoro hii imeenea zaidi mahali ambapo malaria imeua watu kwa vizazi vingi, kwa sababu mbebaji hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana hapa kwetu huonekana hasa kwa watu wenye asili ya maeneo ya Ziwa Victoria, Magharibi na Pwani.

Tazama basi mlima wa theluji unavyokusanya pamoja karibu kila kitu anachoonywa mgonjwa wa seli mundu. Oksijeni ni kidogo. Baridi ni kali. Hewa ni kavu na mtu hasikii kiu, kwa hivyo mwili hukauka maji bila yeye kujua. Juu ya hayo kuna kutumia nguvu kwa saa kadhaa. Kila moja kati ya mambo haya linaweza peke yake kuanzisha maumivu. Mgonjwa anayeishi Nairobi bila matatizo makubwa asidhani kwamba hiyo ni ruhusa ya kupanda hadi mita 2,480 kwa asubuhi moja. Amezoea mita 1,700 za Nairobi akiwa amepumzika, jua likimpasha joto.

Haina maana kwamba mtoto mwenye seli mundu abaki Kenya wenzake wakisafiri. Aonwe kwanza na daktari wake, mapema, si wiki ya safari. Ndani ya ndege anywe maji mara kwa mara, kwani hewa ya humo hupunguzwa na kuwa kama ya mlimani, wakati mwingine sawa na urefu wa mita 2,400. Na mwenyeji achague kijiji cha chini. Hapa mahali kama Samoëns huonyesha faida yake waziwazi: mtoto huyo anaweza kubaki bondeni, chini kabisa ya kimo cha Nairobi, akavaa vizuri, akacheza na theluji ya uwanjani ikiwapo na kwenda kutazama ng'ombe mazizini, huku binamu zake wakipanda na kurudi jioni. Katika kituo kilichojengwa mita 2,300 hakuna pa kumshusha isipokuwa kuondoka.

Mbebaji naye asijione yu salama kabisa. Ni nadra, lakini kuna wabebaji waliopanda milimani kwa haraka, wakajikakamua, kisha wakashikwa na maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu. Hapo ndipo palipo bandama, ambayo wengine huiita wengu, na sehemu yake huwa imekosa damu. Visa vingi vilivyoandikwa na madaktari ni vya zaidi ya mita 2,500, ingawa vingine vimetokea chini ya hapo. Hatari ni kwamba mgonjwa mwenyewe, na pengine daktari anayemwona, hudhani ni tumbo limekasirishwa na jibini nyingi ya jana usiku. Mtu huyo ashushwe mara moja, apelekwe hospitalini, na daktari aambiwe wazi kwamba familia ina seli mundu.

Kujua hali yako hakuhitaji zaidi ya kipimo cha damu kinachoonyesha aina ya himoglobini. Nchini Ufaransa watoto wote wanaozaliwa hupimwa tangu Novemba 2024. Watoto wengi waliozaliwa Kenya hawajawahi kupimwa, wala wazazi wao. Kama katika ukoo kuna mtoto aliyekuwa akilia mifupa usiku, au aliyefariki mapema kwa "kukosa damu", kipimo hicho kifanywe kabla ya kununua tiketi.

BARIDI NA JUA

Halijoto hushuka kwa nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kukiwa na nyuzi 2 pale uwanjani Samoëns, huko Grandes Platières huenda zikawa 10 chini ya sifuri, kabla ya kuhesabu upepo. Mgeni aliyetoka nyumbani asubuhi akiona ni kama Limuru wakati wa Julai hushikwa akiwa hana glavu.

Msomaji wa Nairobi huenda asijue kwamba amekwisha kuyaona mavazi ya skii. Yale makoti mazito yenye rangi kali yauzwayo katika mitumba ya Gikomba, ambayo waendeshaji bodaboda na mabawabu wa usiku huyapenda, mengi yalitengenezwa kwa ajili ya mchezo huu. Koti la mitumba lisiloingiza maji linafaa kabisa. Lisilofaa ni suruali ya jinzi na fulana ya pamba. Pamba hunyonya jasho na theluji iliyoyeyuka, ikakaa imelowa, na nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili. Ndani vaa sufu au kitambaa kinachokauka haraka, juu yake kitu kizito, kisha hilo koti.

Watoto wadogo hupoteza joto upesi kuliko watu wazima kwa sababu ngozi yao ni kubwa ikilinganishwa na uzito wao. Mwenye hatari zaidi ni yule aliyebebwa mgongoni katika mbeleko ya fremu. Baba anatembea na kutoka jasho, kwa hivyo hudhani hakuna baridi. Mtoto nyuma yake hasogei, miguu inaning'inia na mikanda inabana damu isishuke. Madaktari wa milimani Ufaransa huonya dhidi ya kubeba watoto wachanga namna hiyo wakati wa baridi, na onyo hilo lina sababu: wako watoto ambao miguu yao iliganda. Mtoto wa aina hiyo aachwe bondeni na mtu mzima mmoja.

Divai moto inayouzwa milimani haipashi mwili joto. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, ukahisi joto usoni, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka nje.

Jua nalo hudanganya. Miale yake inayochoma huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo, hivi kwamba unachomwa kutoka juu na kutoka chini. Wapo Wakenya wanaoamini kwamba ngozi nyeusi haihitaji mafuta ya kukinga jua. Ngozi nyeusi hujikinga zaidi, ni kweli, lakini huungua, na midomo hupasuka vibaya. Macho hayana kinga ya rangi. Anayeshinda kwenye theluji bila miwani ya jua huenda asihisi lolote mchana. Usiku, saa kadhaa baadaye, macho humwasha kana kwamba yamejaa mchanga, yakatoa machozi na kukataa mwanga. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili akikaa gizani, lakini amwone daktari.

MAGOTI

Tumefikia miguu. Zamani mfupa wa muundi ndio uliovunjika zaidi. Vifungio vya kisasa, vinavyoshikanisha buti na kibao, hufunguka mtu anapoanguka na vimeuokoa mfupa huo mara nyingi. Goti halikuokoka kwa kiasi hicho. Kibao kikinasa na mwili ukaendelea kuzunguka, kano za ndani ya goti hukatika, na kupona kwake huchukua miezi mingi. Kidole gumba nacho huumia mtu anapoanguka akiwa ameshika fimbo.

Katika duka la kukodisha vifaa utaulizwa umri, urefu, uzito na kama unaujua mchezo. Jibu ukweli. Watu wengine huona haya wakapunguza kilo, na vijana hujisifu kwamba ni mafundi. Fundi wa duka hutumia majibu hayo kukaza vifungio. Ukijiita hodari, vitakazwa sana, na siku ya kuanguka havitafunguka.

Anayeanza asifundishwe na shemeji. Shule ya skii ya Kifaransa, ESF, ambayo walimu wake huvaa mavazi mekundu, huwa na darasa la watoto liitwalo Piou-Piou kuanzia miaka mitatu hivi. Njia za theluji zina rangi: kijani ni rahisi kabisa, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi kwa wajuzi. Aliye chini yako ana haki ya njia, kwa kuwa hakuoni. Usitoke nje ya njia zilizowekwa alama, kwani huko kuna mawe yaliyofichika na maporomoko ya theluji. Michael Schumacher, bingwa wa mbio za magari, aliumia kichwa vibaya Desemba 2013 huko Méribel alipokuwa nje ya njia, naye alikuwa amevaa helmeti. Kila mmoja aivae hata hivyo, mzazi pia, kwa kuwa uchunguzi uliokusanya tafiti kadhaa ulionyesha kwamba hupunguza majeraha ya kichwa kwa zaidi ya theluthi moja. Usiikodi iliyopasuka.

Ajali nyingi hutokea mtu akiwa amechoka. Wiki nne au sita kabla ya safari, anza kupanda ngazi za ofisi badala ya lifti, na uchuchumae na kuinuka kila asubuhi mpaka mapaja yazoee.

Mtu akianguka na asiweze kuinuka, simika vibao viwili juu yake kwa alama ya msalaba ili wanaoteremka wamwone, na upige simu nambari 112. Vigingi vya kando ya njia vina nambari, na nambari hiyo ndiyo itakayowaelekeza waokoaji. Tangu sheria ya mwaka wa 1985, serikali za vijiji Ufaransa huruhusiwa kumtoza mwanaskii gharama ya kuokolewa. Mwenye kuomba viza ya Schengen hutakiwa kuwa na bima ya angalau euro 30,000, lakini bima nyingi za namna hiyo hazigusi skii mpaka uongeze malipo. Usome ule ukurasa wa maandishi madogo ukiwa bado Nairobi.

Mgeni aliyetoka Kenya karibuni akipata homa huko milimani, asikubali haraka kwamba ni mafua ya baridi. Amwambie daktari ametoka wapi na lini, na aombe apimwe malaria siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mwenyeji aliyekuja nyumbani Krismasi akarudi Ufaransa.

Na aliyefungwa plasta mguuni asikimbilie ndege. Safari ya Paris hadi Nairobi ni ya saa nane hivi, na damu katika mguu usiosogea huweza kuganda. Amwulize daktari aliyemfunga kama anahitaji sindano za kuzuia damu kuganda, aombe plasta ipasuliwe kwa urefu ikiwa ni mpya ili mguu upate nafasi ya kuvimba, na achukue barua ya kuwaonyesha wenye ndege.